Jino Linalouma Huja Mwisho

Mama aliyefunga leso kuzunguka taya amekwisha kuketi, na amekwisha kuonyesha kwa kidole jino linalomnyima usingizi: gego la chini, upande wa kushoto. Daktari ameitikia kwa kichwa. Lakini hajaligusa. Anavuta kiti chake mbele, anakaa macho yao yakiwa sawasawa, na anamtazama usoni kimya kwa muda ambao mwenye maumivu lazima auone mrefu.

"Pole sana, mama. Jino nitalifikia. Kwanza nikuangalie wewe."

Hapa ni Ekalakala, upande wa Masinga, Kaunti ya Machakos. Ni nchi kavu, ya miiba na miembe na mashamba ya ndengu, si mbali na bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana. Watu wa hapa hawaendi kwa daktari wa meno kuulizia hali ya kinywa. Huenda jino likiwashinda, na wakifika wanataka koleo. Daktari huyu analijua hilo, na bado hufuata utaratibu wake ule ule kwa kila anayeketi mbele yake, mzee au mtoto: uso, midomo, ulimi, mashavu, kaakaa, fizi, mifupa ya taya, shingo, presha, kisha jino. Nimeruhusiwa kukaa pembeni nikitazama, na wagonjwa wameridhia. Kilichonileta ni kazi hii inayofanyika kabla ya jino.

Kati ya mengi anayoyatafuta humo, yapo magonjwa ambayo wengi hawangedhani kwamba yanamhusu daktari wa meno. Mwilini tuna tezi zinazotengeneza homoni: thairoidi iliyoko mbele ya shingo, parathairoidi nne ndogo zilizojificha nyuma yake, adrenali mbili juu ya figo, na pituitari chini ya ubongo. Kuna familia ambazo hurithishana jeni yenye kasoro, na kasoro hiyo huotesha uvimbe katika tezi hizo, mwingine wa kawaida, mwingine saratani. Tezi zenyewe hazionekani kwa macho. Ila baadhi ya magonjwa hayo huacha alama kwenye midomo, ulimi, fizi na mifupa ya taya, mara nyingine miaka kadhaa kabla mgonjwa hajahisi lolote. Na mtu ambaye kazi yake ni kutazama midomo, ulimi, fizi na taya kutwa nzima ni daktari wa meno.

Ni magonjwa adimu, na ni haki kusema ni adimu kiasi gani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 1.42 katika Machakos yote. Ugonjwa mmojawapo, ambao madaktari huuita kwa kifupi MEN2B, humpata takriban mtu mmoja katika milioni moja. Kwa hesabu hiyo, kaunti nzima huenda ina mtu mmoja au wawili wenye ugonjwa huo. Daktari huyu anaweza kufanya kazi hapa mpaka astaafu asikutane nao. Hata hivyo kila mdomo anaupitia kwa vidole vyake kana kwamba huo ndio.

Huanza mgonjwa akiwa bado mlangoni. Anatazama urefu wake, mikono yake, vidole vyake. Watu wenye MEN2B mara nyingi huwa warefu, wembamba, wenye viungo virefu na misuli hafifu. Mtu mrefu mwembamba Ukambani si ajabu, kwa hiyo hilo analiweka tu akilini. Kisha anatazama taya la chini na namna meno yanavyokutana mgonjwa akifunga kinywa. Uvimbe wa pituitari unaomwaga homoni ya ukuaji kwa mtu mzima husukuma taya la chini mbele taratibu, hunenepesha ulimi, na huyatenganisha meno yaliyokuwa yamegusana. Kuna familia zinazorithi uvimbe huo.

Hapa ndipo nilipoona akili ya kazi yake. Mwanya katika meno ya mbele ni urembo kwetu, na wengi huzaliwa nao. Mwanya peke yake haumwambii kitu. Mwanamume mmoja wa makamo, mwenye taya pana na mwanya wa haja, aliulizwa: "Mzee, huu mwanya ni wa tangu utotoni?" Akajibu ni wa ukoo wao. Daktari akamwomba kitambulisho. Akakishika karibu na shavu la mwenyewe, akatazama ile picha ndogo ya kijana wa miaka mingi iliyopita, akatazama uso ulio mbele yake, akarudi kwenye picha: pua, midomo, taya. Akauliza kama pete ya ndoa bado inaingia na kama namba ya viatu imebadilika. Pete ilikuwa inaingia. Viatu ni vile vile. Akamrudishia kitambulisho kwa mikono miwili, akaendelea.

Midomo ndiyo anayoikawilia zaidi, na ndiko ninakotaka kukawia nami.

Anavaa glavu, anawasha taa ya kichwani, na anashika mdomo wa chini: kidole gumba kwa nje, kidole cha shahada kwa ndani. Anaubingirisha polepole kati ya vidole hivyo viwili kutoka pembe moja hadi nyingine, kisha anarudi alikotoka. Halafu wa juu. Anachokitafuta ni vinundu vidogo, laini, visivyouma, vya milimita 2 hadi 7 hivi, vilivyokaa kwenye ukingo wa mdomo au juu ya utando wake. Vinundu hivyo ni mishipa ya fahamu iliyoota kupita kiasi. Katika MEN2B hujitokeza kwenye midomo, sehemu ya mbele ya ulimi, ndani ya mashavu karibu na pembe za kinywa, na hata kwenye kingo za kope. Huanza utotoni. Kwa kuwa haviumi, hakuna mzazi anayempeleka mtoto hospitali kwa ajili yake.

Vitabu huandika kwamba midomo ya mgonjwa wa MEN2B huwa minene. Daktari aliyesoma kitabu hicho na kukifuata neno kwa neno hapa Ekalakala angewashuku nusu ya wagonjwa wake, kwa maana midomo iliyojaa ndiyo midomo yetu. Kwa hiyo unene hauhesabu. Anahesabu kile ambacho vidole vinakikuta ndani ya huo unene. Na hata hapo kuna mtego: upande wa ndani wa mdomo wa kila mtu kuna vitezi vidogo vya mate, na ukivipapasa vinahisika vidoleni kama chembechembe. Vitezi hivyo viko chini ya utando, vimetapakaa sawasawa, na ni vigumu kidogo. Kinundu cha neva kimekaa peke yake, kimeinuka juu, na kinabonyea. Tofauti hiyo haionekani machoni. Imo katika ncha za vidole viwili, na vidole hivyo vimefunzwa na midomo ya kawaida isiyo na idadi. Hakuna njia ya mkato ya kuipata elimu hiyo.

Mvulana wa miaka kama sita aliletwa na bibi yake kwa jino la utotoni lililogoma kutoka. Daktari alimpapasa midomo, akainua kope zake moja moja na kutazama mahali kope zinapoota, kisha akamgeukia bibi. "Susu, huyu alipokuwa mchanga, akilia, machozi yalikuwa yanatoka?"

Bibi alishangaa. "Machozi? Huyu alilowesha kanga zangu zote."

"Na choo, anapata bila shida?"

Choo kilikuwa sawa. Daktari akaandika. Maswali hayo mawili yanaonekana ya ajabu kwenye kiti cha meno, lakini yana sababu. Watoto wengi wenye MEN2B hulia bila machozi tangu uchanga, na wengi husumbuliwa na choo kigumu au tumbo kujaa, kwa sababu neva za utumbo nazo zimeota isivyo. Mtoto anayelia bila machozi, asiyepata choo vizuri, na mwenye vinundu ulimini amekwisha kueleza habari ya thairoidi yake kabla hajajua kusema. Katika ugonjwa huu saratani ya thairoidi humpata karibu kila aliye nao, na inaweza kuanza akiwa bado ananyonya. Mwongozo wa chama cha Marekani cha wataalamu wa thairoidi, wa mwaka 2015, unashauri mtoto mwenye aina kali ya kasoro hiyo atolewe tezi katika mwaka wake wa kwanza. Ukichelewa, saratani huwa imekwisha kuhamia kwenye matezi ya shingo na mbali zaidi, na upasuaji hauwezi tena kuifuata kote ilikoenda.

Vinundu hivi viliandikwa na madaktari wa Ujerumani mwaka 1922 na 1923, vikabaki kuwa kioja cha vitabuni. Mwaka 1966 Williams na Pollock waliviunganisha na saratani ya thairoidi na uvimbe wa adrenali. Miaka miwili baadaye Robert Gorlin na wenzake walivikusanya pamoja kuwa ugonjwa mmoja wenye sura yake. Gorlin alikuwa daktari wa meno, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kasoro yenyewe, katika jeni iitwayo RET, ilipatikana mwaka 1994. Kwa hiyo ulimi na midomo ilikuwa imesema mambo haya kwa zaidi ya miaka 70 kabla maabara hazijaweza kuyathibitisha.

Turudi kitini. Ulimi hautazamwi kwa kumwambia mtu autoe nje tu. Daktari anakunja kipande cha shashi, anaishika ncha ya ulimi kwa upole, anauvuta kulia na kutazama ubavu wa kushoto hadi nyuma kabisa, kisha anabadilisha. Mgonjwa anayetapika kirahisi huambiwa avute pumzi kwa pua. Hamharakishi; akikohoa, anauachia ulimi, anangoja, anaushika tena. Mashavuni huvuta nyama kwa kioo chake kidogo chenye mpini, na hapo hukutana na historia ya kila mtu. Watafunaji wa muguka, jani linalokuja kutoka Mbeere ng'ambo ya Tana, wana ukungu mweupe mnene upande ule ule wanakolaza mtafuno. Anauliza, anaandika upande na upana wake kwa milimita, na anawaambia warudi kuangaliwa.

Fizi za Machakos zina heshima yake katika elimu ya meno duniani. Mwaka 1988 Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos, iliyokuwa wilaya wakati huo, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Karibu kila mtu alikuwa na utando wa uchafu na ukoga uliogeuka jiwe kwenye meno. Wakati huo wengi waliamini kwamba hali hiyo ingetosha kuwang'oa meno wote. Lakini wengi walikuwa bado na meno yao, na uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa wachache. Matokeo hayo yalisaidia kubadilisha namna ugonjwa wa fizi unavyofundishwa hadi leo. Yalipatikana kwa njia ile ile ninayoitazama hapa: kupima jino baada ya jino, kinywa baada ya kinywa, bila kuruka.

Anapofika kwenye fizi, daktari anatenganisha rangi kwanza. Meno yenye madoa ya kahawia ni floridi ya maji ya visima; hayo anayaona kila siku. Fizi nyeusi ni rangi yetu ya kuzaliwa, nayo hukaa kwa mkanda, kulia sawa na kushoto. Kinachomsimamisha ni vidoa vyeusi vilivyotengana, hasa vikiwa juu ya mdomo wenyewe na kuvuka mpaka wake na ngozi. Vinaweza kuwa vya ugonjwa ulioelezwa na Carney mwaka 1985, ambao huambatana na uvimbe wa adrenali na uvimbe ndani ya moyo. Na weusi mpya kinywani mwa mtu anayekonda na kuchoka unaweza kuwa wa adrenali zilizoharibiwa, mara nyingine na kifua kikuu. Swali lake ni lile lile alilouliza kuhusu mwanya: hivi vilikuwepo tangu zamani?

Baada ya rangi, uso wa fizi. Fizi na ulimi uliojaa vipele vidogo vilivyobanana kama mtama uliomwagwa ni dalili ya ugonjwa wa Cowden, uliopewa jina la mgonjwa aliyeelezwa mwaka 1963. Jeni yake, PTEN, ilijulikana mwaka 1997. Mwenye ugonjwa huo yuko katika hatari kubwa ya saratani ya matiti, ya thairoidi na ya mfuko wa uzazi. Vipele vyenyewe havina madhara yoyote. Ni tangazo tu.

Kwenye mifupa anafunga macho kidogo. Vidole vinapita chini ya ukingo wa taya, kutoka sikio hadi kidevu, pande zote mbili kwa wakati mmoja, ili mkono wa kushoto uulize na wa kulia ujibu. Uvimbe mgumu wa taya si jambo geni Afrika Mashariki, na mwingi hauhusiani na kurithi. Lakini kuna ugonjwa wa familia, wa jeni iitwayo CDC73 iliyogunduliwa mwaka 2002, ambao huotesha uvimbe wa mfupa katika taya na uvimbe katika tezi za parathairoidi, wakati mwingine wa saratani. Tezi hizo zikizidisha homoni yake, kalsiamu hunyonywa kutoka mifupani na kumwagwa kwenye damu. Figo hupata mawe. Mifupa huuma. Na taya huonyesha.

Kijana mmoja alikuja na bahasha ya kahawia yenye picha ya eksirei aliyopigwa mjini, picha pana ya mataya yote mawili. Daktari aliiinua hadi dirishani na kuisoma kwa ncha ya kalamu bila kuigusa. Nilidhani angeenda moja kwa moja kwenye doa jeusi lililoonekana hata kwangu mimi. Alianza na gego la mwisho la juu kulia. Kuzunguka mzizi wa kila jino lenye afya kuna mstari mwembamba mweupe, ukuta wa mfupa unaolishika jino. Kalsiamu inaponyonywa kwa muda mrefu, mstari huo hufifia na kutoweka kinywa kizima, na mfupa unaobaki hupoteza nyuzi zake na kuwa kama ukungu. Alipita mzizi kwa mzizi, juu yote, chini yote. Mistari ilikuwepo. Ndipo akafika kwenye doa: duara dogo kwenye ncha ya mzizi wa jino lililooza. Usaha wa kawaida. "Hili tutalitibu leo," alimwambia, na uso wa kijana ulilegea.

Angekuta uvimbe wenye mipaka ndani ya mfupa, angeomba kipimo cha kalsiamu kabla ya kufikiria kisu. Ni damu kidogo tu. Na kina maana kubwa, kwa kuwa kuna uvimbe wa taya uletwao na parathairoidi ambao hunywea wenyewe baada ya tezi mbovu kutolewa. Aliyekimbilia kukata taya atakuwa amemtia mtu kilema bure. Ule wa familia ya CDC73, kinyume chake, haunywei. Kujua upi ni upi kunahitaji mkono uliotulia na swali lililoulizwa mapema.

Eneo letu liliwahi kuifundisha dunia kutazama taya. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za mataya. Si muda mrefu baadaye alimwona mwingine Jinja. Watoto hao hawakuwa na ugonjwa wa kurithi ninaoueleza hapa; ilikuwa saratani ya matezi ambayo sasa ina jina lake. Alichofanya Burkitt ni kukataa kuridhika na uvimbe mmoja. Alimchunguza mtoto mzima, akakuta uvimbe mwingine tumboni, akaandika mwaka 1958, kisha mwaka 1961 akasafiri kwa gari hospitali baada ya hospitali akiuliza nani ameona mataya ya namna hiyo. Ninapomtazama daktari wa Ekalakala akipitisha vidole chini ya taya la mtu aliyekuja kwa jambo jingine, namwona ni wa ukoo huo wa watazamaji.

Shingo huipapasa akiwa nyuma ya mgonjwa. Anaweka vidole pande mbili za koo na kusema, "Meza mate." Thairoidi hupanda na kushuka chini ya vidole vyake. Mara moja, mara mbili. Kisha matezi ya pembeni.

Halafu presha, na hapa hakubali kubembelezwa. Wagonjwa wengi hunung'unika. Wamekuja kwa jino, mkono unafungiwa nini? Sababu iko ndani ya sirinji. Dawa ya ganzi ya meno mara nyingi huchanganywa na adrenalini, sehemu moja kwa 100,000, ili mishipa ya damu ibane na ganzi ikae. Kichupa cha mililita 1.8 kina mikrogramu 18 za adrenalini. Kwa wengi si kitu. Lakini mwenye uvimbe wa adrenali anao tayari mwilini mwake mtambo unaomwaga adrenalini bila kuombwa, na hofu, maumivu na sindano vinaweza kuuamsha kwa pamoja: presha hupanda ghafla kiasi cha kupasua mshipa wa ubongo. Takriban nusu ya wenye MEN2B hupata uvimbe huo.

Kwa hiyo anapima, na anauliza maswali matatu kwa pamoja: kichwa kinakugonga ghafla? Unatokwa jasho jingi bila kazi? Moyo unakimbia ukiwa umekaa? Ndiyo tatu na presha ya juu, koleo linarudi kwenye sinia. Atampa dawa ya maumivu, ataandika barua, na jino litangoja. Nimemwona akipima mara ya pili mzee ambaye presha yake ilisoma juu, baada ya kumpumzisha robo saa. Ilishuka kidogo, haikutosha. Alimweleza mzee yule kwa utaratibu kwa nini hatamng'oa leo, akamwandikia kwenda kliniki ya presha, na mzee akaondoka na jino lake akiwa hajafurahi. Huenda ni presha ya kawaida tu, ambayo nayo huua. Hivi ndivyo utafutaji wa kitu adimu unavyowafaa wengi wasiokuwa nacho.

Mwisho wa maswali ni ukoo. Nyuma ya kadi huchora miraba kwa wanaume na miduara kwa wanawake, mistari ikiwaunganisha. Nani alipasuliwa shingo? Nani alikuwa na mawe ya figo akiwa kijana? Nani alianguka na kufa ghafla akijifungua au akipewa ganzi? Ukambani mtoto hupewa jina la babu au bibi yake, hivyo jina moja laweza kurudi mara tatu katika ukoo mmoja, na mjomba akachanganywa na marehemu babu yake. Daktari huwapa namba. Magonjwa haya karibu yote hupita kwa mzazi mmoja, na kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi. Ukoo usio na mgonjwa, hata hivyo, haumfungi macho: zaidi ya nusu ya wenye MEN2B ndio wa kwanza katika familia zao. Jeni imeharibikia kwao.

Na akikuta alama? Haji na neno saratani. Anaandika barua: mahali ilipo, upana kwa milimita, rangi, ugumu, tangu lini, nani mwingine nyumbani anayo. Barua hiyo humpeleka mgonjwa kwenye hospitali ya rufaa ya Machakos, na kutoka hapo Nairobi, katika Hospitali ya Kenyatta, ambako kuna wapasuaji wa mdomo na taya na madaktari wa homoni. Anampigia simu mpokeaji. Anaandika pia namba ya simu ya mtu wa nyumbani, kwa sababu barua nyingi huishia mfukoni mwa koti.

Sasa yule mama wa leso. Vidole vimepita, shingo ni safi, presha ni nzuri, ukoo hauna la kushtua. Daktari anapaka dawa ya kupoza ufizi, anangoja, anaingiza sindano pole pole huku akivuta shavu lisibane, na anasukuma dawa kidogo kidogo, maana ni kasi ya dawa inayouma kuliko sindano. Anangoja tena. Anagonga jino kwa mpini wa kioo. "Unasikia?" Hasikii. Anachomeka chuma bapa kati ya jino na mfupa, anakizungusha robo duara, jino linalegea. Koleo linashuka hadi shingo ya jino, linasukuma kwa nje, linarudi kwa ndani, kwa nje tena, bila kuvuta, mpaka mfupa wenyewe uachie. Gego linatoka na mizizi yake yote miwili. Anaihesabu chini ya taa, anaweka shashi, na kumwambia mama aume.

Msomaji, nawe utaketi kwenye kiti hicho siku moja, au utampeleka mtoto. Mruhusu daktari aanze na kwingine. Mtoto mwenye vinundu visivyouma kwenye ulimi au midomo mpeleke akaonekane sasa, wala usingoje viume. Na kama kwenu kuna aliyepasuliwa shingo, aliyepata mawe ya figo ujanani, au aliyekufa ghafla mikononi mwa wauguzi, mwambie daktari wa meno hata kama hakuuliza.